Kompyuta Zilipoketi Mezani na Watu

Arpad Elo alizaliwa Hungaria mwaka 1903, akapelekwa Marekani akiwa mtoto, na huko akaja kuwa mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Marquette, mjini Milwaukee. Sataranji, au chesi kama vijana wengi wanavyoiita leo, ilikuwa mapenzi yake ya pembeni, ingawa si ya mzaha: alitwaa ubingwa wa jimbo la Wisconsin mara nane. Shirikisho la sataranji la Marekani lilikuwa tayari na utaratibu wa kuwapa wachezaji viwango kwa nambari, uliobuniwa na Kenneth Harkness, lakini ulikuwa na kasoro ambazo mtu wa hesabu hakuweza kuzifumbia macho. Elo akatunga mwingine. Marekani iliupokea mwaka 1960, na FIDE, shirikisho la dunia, likaufuata mwaka 1970. Tangu hapo jina lake limekuwa la kawaida midomoni mwa wachezaji kiasi kwamba wengi hudhani ni kifupisho cha maneno fulani, hawajui kuwa ni mtu.

Mfumo wenyewe si mgumu. Kiwango cha mchezaji hakielezi anajua kiasi gani. Kinatabiri atapata nini akikutana na fulani. Wawili wenye nambari sawa wanatarajiwa kugawana. Akimzidi mwenzake kwa pointi 400, mwenye nambari kubwa anatarajiwa kuvuna alama 10 katika kila michezo 11. Akipata zaidi ya kilichotarajiwa, nambari yake inapanda; akipata pungufu, inashuka. Na kwa kawaida kile anachopata mmoja ndicho anachopoteza mwenzake, kwa hiyo pointi hazizaliwi mchezoni, zinahama mikono tu. Elo hakujidanganya kuhusu usahihi wa kipimo hiki. Aliwahi kukifananisha na kupima mahali kilipo kizibo kinachoelea majini, ukitumia rula iliyofungwa kwenye kamba, na kamba yenyewe inapeperushwa na upepo.

Kuna jambo moja alilolichukulia kuwa la kawaida, na katika zama zake lilikuwa la kawaida kweli. Mchezaji hakujichagulia mpinzani. Ulikwenda kwenye mashindano, ukalipa kiingilio, mwamuzi akabandika karatasi ukutani, nawe ukacheza na yeyote uliyepangiwa. Umpende usimpende, uwe umemzoea au humjui. Hesabu za Elo zilisimama juu ya karatasi ile ya mwamuzi bila kuitaja. Miaka 30 baadaye karatasi iliondoka, na walioonyesha wazi pengo lililobaki walikuwa wachezaji wasio na mikono.

Kompyuta ziliingia ukumbini mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1967 programu iitwayo Mac Hack VI, iliyoandikwa na Richard Greenblatt wa chuo cha MIT, ilishiriki mashindano ya watu katika jimbo la Massachusetts. Kompyuta yenyewe ilikuwa kubwa mno kubebwa, hivyo ilibaki maabara na hatua zake zikaletwa ukumbini na binadamu. Katika mashindano yake ya kwanza ilishindwa michezo minne na kutoka sare mmoja, ikapewa kiwango cha karibu 1240, yaani mchezaji dhaifu wa klabu. Mwaka haujaisha ilikuwa imekaribia 1500. Shirikisho likaipa uanachama wa heshima. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza pointi za binadamu kuhamia kwenye akaunti ya mashine, na waliozipoteza walikuwa wachache.

Kasi iliongezeka. Mwaka 1983 mashine ya Belle, kazi ya Ken Thompson na Joe Condon wa maabara za Bell, ilifikisha kiwango cha 2250, kinachompa mtu daraja la umasta Marekani. Mwaka 1988 mashine ya Deep Thought, iliyotengenezwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, ilimfunga Bent Larsen wa Denmark, grandimasta aliyewahi kuwa miongoni mwa wachezaji wachache bora kabisa duniani. Hata hivyo waandaaji bado walikuwa na rungu mkononi. Katika mashindano ya Marekani, mchezaji asiyetaka kupangiwa kompyuta aliruhusiwa kusema hivyo mapema, na mwamuzi akampanga kwingine. Mashine zilikuwa chache, kila mtu alizijua kwa jina, na athari yake kwenye viwango vya maelfu ya watu ilikuwa kama haipo.

Kisha ikaja seva.

Tarehe 15 Januari 1992 ilifunguliwa seva ya kwanza ya kuchezea sataranji kwenye intaneti, iliyoandikwa na Michael Moore na Richard Nash. Hakukuwa na picha wala rangi. Uliunganishwa kwa telnet, njia ya maandishi matupu, na ubao ulichorwa kwa herufi: K ya mfalme, Q ya malkia, vistari vya kutenganisha nyumba. Mwanzoni programu ilikuwa na hitilafu nyingi. Ilikubali hatua zisizo halali na wakati mwingine kutangaza mfalme amefungwa ilhali hajafungwa. Mwaka huohuo Daniel Sleator, profesa wa sayansi ya kompyuta palepale Carnegie Mellon, alijitolea kuisimamia na kuiandika upya sehemu kubwa. Kero iliyowaudhi watu kuliko zote ilikuwa saa: mtandao ukisuasua, sekunde zako zilikatwa ukiwa hujafanya lolote. Sleator alilitatua hilo. Viwango vya Elo navyo vikaongezwa, na mahali pale pakageuka kijiji kisicholala.

Mwaka 1995 Sleator alitangaza kwamba seva itakuwa ya biashara, iitwe Internet Chess Club, na ada iwe dola 49 kwa mwaka. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa, maana watu wengi walikuwa wameichangia kwa mikono yao bure. Wenye hasira wakafungua seva nyingine ya bure, FICS, mwaka huohuo. Ugomvi ule una historia yake ndefu na hatuna haja ya kuuingia. Linalotuhusu ni kwamba sasa kulikuwa na vijiji viwili, kila kimoja na hesabu yake ya pointi, na pointi 1800 za hapa hazikuwa pointi 1800 za pale.

Katika vijiji vyote viwili kompyuta ziliruhusiwa, ilimradi zijitambulishe. Jina la akaunti lilifuatwa na herufi C ndani ya mabano, na aliyekutana nayo alijua anacheza na nini. Tim Mann, msimamizi wa XBoard, programu iliyowapa watu ubao wa picha badala ya herufi, alitengeneza kiungo cha kuiunganisha injini ya sataranji, yaani programu inayocheza yenyewe, moja kwa moja na seva. Kiungo hicho kiliitwa Zippy, jina la kichekesho cha katuni, na mashine iliyokitumia ilikuwa ikipayuka hadharani maneno ya ajabu ya katuni huyo katikati ya watu. Wengine walicheka, wengine waliizibia masikio. Lakini kiungo kile kilimaanisha kwamba mtu yeyote mwenye kompyuta nyumbani na programu ya bure angeweza kuiacha imeunganishwa usiku kucha, ikikubali kila mwaliko, bila yeye mwenyewe kuwepo.

Mashine iliyoacha alama kubwa kuliko zote kwenye seva za miaka ile ni Crafty. Mwandishi wake, Robert Hyatt wa Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham, hakuwa mgeni: programu yake ya awali, Cray Blitz, ilikuwa bingwa wa dunia wa kompyuta mwaka 1983 na tena 1986. Crafty aliiandika upya kabisa, akaweka msimbo wake wazi kila mtu aupakue, na akaipeleka kucheza na umma. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, haukupita muda mrefu pakawa na Crafty nyingi, kila moja kwenye kompyuta ya mwenyewe, kila moja na akaunti yake na herufi yake C.

Basi nini kilitokea kwenye viwango? Malalamiko ya wachezaji yalikuwa rahisi kuyaelewa: mashine zinatunyonya pointi. Ukweli una pande zaidi ya moja, na inafaa tuzipitie kwa nambari.

Tuchukue mchezaji wa 2000, na mfumo wa Elo ambao mchezo mmoja unaweza kuhamisha mpaka pointi 32. Akicheza na kompyuta yenye kiwango cha 2400 akashindwa, anapoteza pointi 3 hivi. Si kitu; alitarajiwa kushindwa. Akiishinda mara moja katika michezo 11, au akaambulia sare mbili, amerudisha yote aliyopoteza. Kwa maana nyingine, mashine iliyokwisha kufika kwenye nambari yake halali haimnyonyi mtu yeyote. Inachukua ile ile inayotarajiwa kuchukua, na kinachobaki ni bahati ya kupanda na kushuka.

Tatizo ni siku ya kwanza. Akaunti mpya huanza na nambari ya kati, kwa sababu seva haijui aliyeingia ni nani. Tuseme programu ileile yenye nguvu za 2400 imefunguliwa akaunti leo asubuhi na kupewa 1600. Mchezaji wetu wa 2000 anaikubali, anashindwa, na seva inaona mtu aliyepaswa kushinda mara 10 kati ya 11 ameangushwa na mnyonge. Anakatwa pointi 29. Anayefuata hali kadhalika, ingawa kidogo kidogo makali yanapungua kadiri mashine inavyopanda. Pointi hizo zimetoka kwa watu na hazirudi upesi. Kama mashine ingekuwa moja, jamii ingeumia siku moja na kusahau. Lakini wenye mashine walibadilisha vichakato, wakaongeza kumbukumbu, wakapakua toleo jipya la programu, na kuingia tena na akaunti ileile ikiwa na nguvu zisizolingana na nambari yake. Watengenezaji wa wakati ule walikadiria kwamba kuongeza kasi ya kompyuta maradufu kunaongeza pointi 50 hadi 70 hivi. Binadamu huchukua mwaka wa jasho kupata ongezeko hilo. Mashine ililipata kwa safari moja ya dukani. Wengine walifunga akaunti na kufungua mpya, na zoezi la kukusanya pointi likaanza upya.

Upande wa pili ni wa kufurahisha zaidi, kwa sababu hapo ni watu waliozinyonya mashine.

Injini za miaka ya tisini zilikuwa na kasi ya ajabu katika kuhesabu hatua chache za mbele, na upofu wa ajabu kwa yale yaliyo nje ya hatua hizo. Wachezaji wa seva waliugundua upofu huo kwa kucheza usiku na mchana. Mtego mmoja ulikuwa hivi. Kompyuta inacheza kete nyeupe na mfalme wake ameshajificha pembeni, nyuma ya vitunda vitatu. Mtu anamleta farasi wake mpaka jirani kabisa na ukuta ule. Kompyuta inasogeza kitunda cha pembeni nyumba moja kumfukuza. Mtu hamwondoi farasi. Anasukuma kitunda chake mwenyewe cha pembeni nyumba mbili, kumlinda. Kompyuta inapiga hesabu: farasi ana thamani ya vitunda vitatu, nami nitalipa kitunda kimoja. Inamla. Mtu anakula kitunda kwa kitunda, na ghafla ile safu ya pembeni haina kitunda hata kimoja, si chake wala cha kompyuta. Mwisho mmoja wa safu hiyo imekaa ngome ya mtu. Karibu na mwisho wa pili yuko mfalme. Malkia anahitaji hatua mbili tatu kufika, na hatua hizo ndizo zilizokuwa nje ya upeo wa macho ya mashine ilipokuwa ikifurahia farasi wa bure. Wenyewe waliuita mtego wa farasi wa Troya, na Hyatt alilazimika kuandika sehemu maalumu ndani ya Crafty ya kuunusa kabla haijachelewa. Aliandika nyingine dhidi ya wale waliofunga katikati ya ubao kwa ukuta wa vitunda, wakaiacha mashine ikizungukazunguka bila mpango huku wao wakijiandaa taratibu upande wa mfalme.

Tena mashine ilikuwa na kasoro nyingine mbaya zaidi kuliko upofu: haikuwa na kinyongo. Ukiifunga leo kwa mfululizo fulani wa hatua, kesho ilikuwa tayari kuupitia mfululizo uleule hatua kwa hatua. Mtu akishapata njia moja ya ushindi, aliirudia asubuhi, mchana na jioni. Ndiyo maana Hyatt, katikati ya miaka ya tisini, aliiwekea Crafty uwezo wa kukumbuka: ikipoteza kwa mwanzo fulani, inaupunguzia uzito katika kitabu chake cha mianzo na kujaribu mwingine. Sababu ya kazi hiyo ilikuwa watu wa seva kuliko sayansi tupu. Roman Dzindzichashvili, grandimasta mzaliwa wa Tbilisi aliyehamia Marekani, alicheza na Crafty mno na kumsaidia Hyatt kuziba mashimo mengi. Mimi naona kile kijiji cha mtandaoni kilimfundisha Hyatt mambo ambayo mashindano ya kompyuta kwa kompyuta yasingemfundisha kamwe, kwa sababu kompyuta mwenziye isingepata wazo la kukaa usiku mzima kutafuta tundu moja na kulitumia mara mia.

Sasa mtazame mtu wa namna hiyo, tumwite mvunaji. Ameanza na 2000, amezikamua mashine hadi 2400. Nambari yake si ya uongo kwa maana ya hesabu. Kila pointi aliishinda. Ila anachokijua ni kuzifunga mashine za aina moja. Akiketi na binadamu wa 2200, anaweza kufungwa vizuri tu, na hapo pointi alizokomba kwa kompyuta zinamwagika kwa watu na kuvipandisha viwango vyao juu. Kwa hiyo mashine hizohizo zilizoingia na kupunguza pointi za jamii asubuhi, jioni ziliziongeza kupitia wavunaji. Anayeuliza kama kompyuta zilishusha au zilipandisha viwango vya seva anataka jibu moja kwa mambo mawili yaliyokwenda pamoja. Kilichoharibika kilikuwa maana ya nambari. Pointi 2400 za mvunaji na pointi 2400 za yule asiyewahi kugusa kompyuta zilikuwa zimeandikwa kwa tarakimu zilezile na zilieleza vitu viwili tofauti.

Na hapa ndipo lile pengo la Elo lilipojionyesha. Kwenye seva hakuna mwamuzi wala karatasi ukutani. Unacheza na unayemtaka. Wapo waliozikwepa kompyuta kabisa: seva ziliwaruhusu kuweka masharti ya mialiko, na sharti lililopendwa lilikuwa la kukataa kila mwenye herufi C. FICS ilikuwa na orodha maalumu ya watu usiotaka kucheza nao, na majina ya mashine yalijaa humo. Wapo waliocheza na kompyuta peke yake. Kati yao walibaki wachache waliokwenda huku na huku, na hao ndio waliokuwa daraja pekee kati ya jamii mbili zilizoandikwa kwenye orodha moja. Daraja likiwa jembamba, kila upande unaelea kivyake. Binadamu kwa binadamu wanaweza kufanya hivyohivyo, kumchagua mnyonge na kumkwepa mjanja, na walifanya. Ila binadamu huchoka, hukataa, hulala, hujifunza, huona aibu. Mashine haikukataa mtu. Ilikuwa mlango ulio wazi saa 24, na ndiyo maana kila tabia mbaya ya kuchagua mpinzani ilipitia hapo na kuonekana waziwazi.

Uswidi waliliona tatizo la wembamba wa daraja hilo mapema, kwa njia nyingine. Chama chao cha sataranji ya kompyuta, SSDF, kilikuwa kikichapisha orodha ya viwango vya mashine tangu miaka ya themanini. Mashine zilicheza zenyewe kwa zenyewe, na orodha nzima ikafungwa kwenye nambari za binadamu kwa mamia ya michezo dhidi ya wachezaji wa mashindano wa Uswidi. Baada ya hapo mashine ziliendelea kushindana peke yake miaka na miaka, nambari zikazidi kupaa. Mwaka 2000 chama kilikata pointi 100 kwa kila mashine kwenye orodha, kwa kuwa ilidhihirika kuwa dhidi ya watu halisi hazikuwa na ubora ule zilioandikiwa. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilishangaa jinsi walivyofanya bila tashwishi: mkato mmoja, orodha nzima. Seva isingeweza kufanya hivyo. Watu wangeandamana.

Tiba iliyodumu kwenye seva ilitoka kwa mtakwimu Mark Glickman, mwaka 1995. Mfumo wake, Glicko, unaandika nambari mbili kwa kila mchezaji: kiwango, na kadirio la jinsi seva isivyo na uhakika nacho. Mgeni huanza na 1500 pamoja na shaka ya 350. Akicheza mara nyingi shaka hupungua. Akiacha kuonekana, hurudi kupanda. Faida yake kwa kisa chetu ni hii: mchezaji imara wa 2000 akifungwa na mgeni wa 1500, mfumo unajua kwamba ile 1500 ni kubahatisha tu, na makato yake yanapungua kwa zaidi ya theluthi yakilinganishwa na kufungwa na mtu wa 1500 anayejulikana vizuri. Mgeni naye hurushwa juu kwa kishindo, afike haraka anapostahili. FICS iliuchukua mfumo huu. Ule unyonyaji wa siku ya kwanza ukapoa sana. Uvunaji haukupoa, maana Glicko nao haujui nani amemchagua nani.

Uvunaji uliuawa na nguvu za mashine zenyewe. Mei 1997 mjini New York, Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov kwa 3½ dhidi ya 2½. Watu walisema ile ni kompyuta ya mamilioni ya dola, si ya nyumbani. Mwaka 2005 mashine ya Hydra ilimchapa Michael Adams wa Uingereza 5½ kwa ½. Mwaka 2006 Vladimir Kramnik, bingwa wa dunia, alilazwa na Deep Fritz mjini Bonn 4 kwa 2, na hiyo ilikuwa programu ya kununua dukani. Mwaka 2009 huko Buenos Aires, Pocket Fritz 4 ilishinda mashindano kwa alama 9½ kati ya 10, ikicheza ndani ya simu ya mkononi. Mitego ya miaka ya tisini haikuwa na wa kumnasa tena. Akaunti yenye alama ya kompyuta ikawa kitu kisicho na mvuto. Nani angekwenda kupigwa kila mara? Watu wakaziacha.

Ila simu kama ile iliyoshinda Buenos Aires ikaja kuwa mfukoni mwa watu wengi, na hilo lilieneza mashine ya aina nyingine kwenye seva: isiyo na herufi C.

Dalili zake zilikuwa zimeonekana mapema. Mwaka 2001 Nigel Short, Mwingereza aliyewahi kugombea ubingwa wa dunia, aliandika gazetini kwamba alikuwa akicheza michezo ya haraka kwenye Internet Chess Club na mtu asiyejitaja jina, na kwamba ana uhakika karibu wote kuwa ni Bobby Fischer, bingwa wa zamani aliyekuwa mafichoni. Mtu huyo alianza michezo kwa hatua za kipuuzi, akimtembeza mfalme ovyo, kisha akashinda. Alishinda yote minane. Short akamtega kwa kumuuliza kama anamjua Armando Acevedo, mchezaji wa Mexico asiyetajwa sana. Jibu lilikuja mara moja: Siegen 1970, mahali na mwaka ambao Fischer alicheza naye kweli. Fischer mwenyewe alikana, na maelezo yanayokubalika kwa wengi leo ni kwamba kulikuwa na mtu mwenye kumbukumbu nzuri ya historia na injini nzuri dirisha la pili. Grandimasta mkubwa alikaa na kompyuta akidhani anacheza na gwiji.

Hapo ndipo madhara halisi kwa viwango yalipo, na ni tofauti na yale ya Crafty. Mashine iliyojitambulisha hupanda mpaka nambari yake na kutulia. Mlaghai hatulii. Leo anatumia injini, kesho hatumii. Hatua hii anauliza, ile anacheza mwenyewe. Akigunduliwa anafungiwa, kesho ana jina jipya na 1500 mpya. Kila mzunguko unabeba pointi za watu kwenda nazo kaburini, kwa sababu akaunti iliyofungwa haichezi tena ili kuzirudisha. Na aliyenyang'anywa hajui. Anaona tu kuwa wiki hii ameshuka na anadhani amezeeka.

Chess.com, iliyofunguliwa mwaka 2007, na Lichess, iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, zote mbili zimelazimika kugharamia watu na programu za kuwasaka walaghai. Njia kuu ni kulinganisha hatua za mchezaji na zile ambazo injini ingezipenda, na kupima uwezekano wa binadamu wa kiwango chake kufanana nazo kiasi hicho. Kenneth Regan wa Chuo Kikuu cha Buffalo amelifanyia jambo hili takwimu nzito, na katika kazi hiyo alipata kitu ambacho Elo hakuwa nacho: namna ya kukadiria kiwango cha mtu kutokana na ubora wa hatua zake, bila kuangalia alimshinda nani. Mlaghai akithibitika, seva zote mbili huwarudishia waathirika sehemu ya pointi walizopoteza kwake. Kwa mahesabu ya Elo huo ni uzushi: pointi zinazaliwa nje ya mchezo. Lakini ni uzushi wa haki.

Kwa mashine zinazojitaja, Lichess ilitunga sheria mwaka 2018. Akaunti ya mashine hubeba neno BOT mbele ya jina. Lazima iwe haijacheza mchezo wowote kabla ya kupewa neno hilo, na ikishapewa haiwezi kulivua. Mchezo nayo wa pointi hupatikana kwa mwaliko tu. Na anayebonyeza kucheza na kompyuta ya nyumba, ile Stockfish yenye ngazi 1 hadi 8, hapati wala hapotezi pointi.

Miongoni mwa BOT hizo kuna moja inayostahili kutazamwa. Watafiti wa Toronto, Cornell na Microsoft waliitengeneza Maia kwa lengo lisilo la kawaida: isitafute hatua bora, itabiri hatua ambayo binadamu wa kiwango fulani angeicheza. Ilifundishwa kwa mamilioni ya michezo ya Lichess, toleo moja kwa watu wa 1100, jingine 1200, hadi 1900. Toleo la 1100 lilipoachiwa kucheza na umma, lilipanda juu ya 1100 kwa mamia ya pointi. Hakukuwa na hitilafu. Mtu wa 1100 hufanya makosa yake mwenyewe, leo hili na kesho lile, na mwenzake wa 1100 hufanya mengine. Maia huchagua kile ambacho wengi wao wangekichagua, na wengi kwa pamoja hawakosei mahali pamoja. Iliiga watu wa 1100 kwa uaminifu ikaishia kuwa bora kuliko kila mmoja wao.

Msomaji unayecheza kwa simu, basi, usiichukue 1800 yako ya Lichess ukailinganisha na 1800 ya FIDE, wala na ya Chess.com; ni hesabu za jamii tatu tofauti, na mgeni wa Lichess bado anaanza na 1500 palepale alipopendekeza Glickman. Ukikutana na BOT cheza nayo, utajifunza, lakini usiirudie kwa sababu tu umeshapata tundu lake. Ukimshuku mtu, bonyeza kitufe cha kumripoti na uendelee na mchezo mwingine. Na ukitaka nambari inayokueleza wewe kati ya watu, nenda kwenye mashindano ambako mpinzani unapangiwa.